SAMONI WA ISSAQUAH: WANANCHI WANAOULINDA UHAI WA MTO WAO

Jeshi lenye busara halipimi nguvu zake kwa idadi ya askari walio mstari wa mbele peke yao. Hutazama pia nyuma na kuuliza: wako wapi vijana watakaoshika nafasi za wale watakaoanguka au watakaostaafu? Kikosi kisichopata kuruta wapya, hata kiwe hodari namna gani, siku zake zinahesabika. Ndivyo ilivyo kwa mto wenye samaki. Leo mto waweza kuonekana umejaa samaki wakubwa wanaorukaruka, lakini ikiwa mayai yao hayaanguliwi na vifaranga vyao havifiki baharini, basi mto huo umekwisha kufa ingawa maji yake bado yanapita.

Katika jimbo la Washington, pembe ya kaskazini-magharibi ya nchi ya Marekani, uko mji mdogo uitwao Issaquah, kiasi cha kilomita 25 mashariki ya jiji kubwa la Seattle. Katikati ya mji huo hupita kijito chenye jina hilo hilo, na kando ya kijito kipo kituo cha kutotolea vifaranga vya samaki aina ya samoni. Kituo hicho ni mali ya serikali ya jimbo, lakini kwa muda mrefu kimekuwa pia mikononi mwa wananchi wa kawaida wanaojitolea. Habari zake zafaa kusomwa na kila mtu aliyekabidhiwa dhamana ya ulinzi, kwani zinaonyesha jinsi mali ya umma inavyoweza kupotea kwa uzembe wa kizazi kimoja, na jinsi ilivyo kazi ngumu kuirudisha.

SAFARI YA MAISHA NA MAUTI

Samoni ni samaki mwenye desturi za ajabu. Huzaliwa katika maji baridi na matamu ya vijito vya milimani, chini ya changarawe. Akiisha kupata nguvu huteremka mto hadi baharini, na huko hunenepa kwa muda wa miaka kadhaa. Wakati wake wa kuzaa ukifika, huacha bahari, hupanda tena mto ule ule aliozaliwa, hutaga mayai yake, kisha hufa. Samoni wa bahari ya Pasifiki hawapati nafasi ya pili. Safari yao ya kurudi nyumbani ndiyo safari yao ya mwisho.

Watu walijiuliza kwa muda mrefu: samaki huyu anaijuaje njia? Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Arthur Hasler, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba samoni huongozwa na harufu. Kila kijito kina harufu yake itokanayo na udongo na mimea ya bonde lake, na kifaranga huikariri harufu hiyo kabla ya kwenda baharini. Akirudi, pua yake ndiyo dira yake. Jambo hili lina maana kubwa kwa kazi ya vituo vya kutotolea samaki: kifaranga kilicholelewa katika maji ya kijito cha Issaquah kitarudi Issaquah, na si penginepo.

Njia ya samoni wa Issaquah si nyepesi. Kutoka kijitoni huingia katika ziwa Sammamish, hufuata mto Sammamish mpaka ziwa Washington, kisha hupita katika mfereji uliochimbwa na binadamu hadi kwenye malango ya maji ya Ballard, ndipo atoke katika ghuba ya Puget Sound na kuielekea bahari kuu. Malango hayo, yaliyofunguliwa rasmi mwaka 1917, yalijengwa na Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani ili meli ziweze kupanda kutoka baharini hadi ziwani. Kazi hiyo ilishusha maji ya ziwa Washington kwa karibu mita tatu, na mto uliokuwa njia ya zamani ya samaki ukakauka. Kwa hiyo wahandisi waliwajengea samaki ngazi ya maji kando ya malango. Ngazi hiyo ilijengwa upya mwaka 1976, nayo ina vidato 21, ambavyo samoni huvipanda kimoja kimoja kwa kuruka na kuogelea.

Mahali pembamba kama hapo ni pazuri kwa adui kuvizia, na kila askari anajua hivyo. Simba-bahari wa California walikuja kulijua jambo hilo pia. Katika miaka ya 1980 walianza kukaa mbele ya malango ya Ballard na kuwala samaki jamii ya trauti wanaokwenda baharini na kurudi. Wakuu wa wanyamapori waliwafyatulia fataki majini. Simba-bahari wakazoea mlio. Waliwanasa na kuwasafirisha hadi California. Wakarudi wenyewe kwa kuogelea. Mwaka 1996 waliwekewa hata sanamu ya nyangumi muuaji ili waogope. Lakini wakati huo madhara yalikuwa yamekwisha kutokea: trauti hao, ambao zamani walipita hapo kwa maelfu, walikuwa hawafiki 100 mwaka 1994. Kundi la samaki likipungua mno, hata wawindaji wachache hutosha kulimaliza.

JINSI KIJITO KILIVYOHARIBIWA

Uharibifu wa kijito cha Issaquah haukuanza na simba-bahari. Uchimbaji wa makaa ya mawe ulianza katika bonde hilo tangu miaka ya 1860, ukafuatwa na ukataji mkubwa wa miti. Miti ikiondolewa kando ya mto, kivuli hutoweka na maji hupata joto, nao samoni ni samaki wa maji baridi. Udongo usioshikwa na mizizi huporomoka na kuingia mtoni, hufunika changarawe, na mayai yaliyofichwa humo hukosa hewa yakafa. Hivyo ndivyo samoni wa asili wa kijito hicho walivyopungua hata wakakaribia kwisha kabisa kabla ya miaka ya 1930.

Mwaka 1936, wakati Marekani ilipokuwa katika dhiki kuu ya uchumi, serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilikuwa na mpango mkubwa wa kuwapa kazi watu wasio na ajira. Kwa mikono ya watu hao kituo cha Issaquah kilijengwa. Mbegu ya samaki ililetwa kutoka mto Green, mto wa jirani, na kwa miaka mingi kituo kimelea aina mbili: chinuki, ambaye ndiye mkubwa kuliko samoni wote wa Pasifiki, na koho, ambaye ni mdogo kuliko chinuki.

KAZI YA KITUO MAJIRA KWA MAJIRA

Kazi huanza majira ya vuli. Chinuki hufika mwezi wa Septemba na Oktoba. Koho hufuata na kuendelea kufika hadi karibu na mwisho wa mwaka. Kizuizi kilichowekwa kijitoni huwaelekeza samaki kwenye ngazi ya kituo na kuwaingiza katika mabwawa. Humo hukaa hadi wakomae. Samaki jike aliyekomaa huuawa na kupasuliwa tumbo, na mayai yake mekundu kama shanga humwagika ndani ya ndoo. Chinuki mmoja hutoa mayai 4,000 hadi 5,000 hivi. Shahawa za dume hukamuliwa juu ya mayai hayo, kisha hutiwa maji, na hapo utungaji hutimia. Msomaji asishtuke kusikia kwamba samaki huuawa. Hata mtoni wangalikufa baada ya kutaga.

Mayai huwekwa katika trei zilizopangwa moja juu ya nyingine, na maji safi ya baridi hupita juu yake usiku na mchana. Maji yakiwa na joto la nyuzi 10 za Selsiasi, mayai huchukua kiasi cha siku 50 kuanguliwa. Yakiwa baridi zaidi, siku huongezeka. Katika majuma ya kwanza hayapaswi kutikiswa, kwani mtikisiko mdogo waweza kuyaua. Lakini yakifika hatua ambayo jicho la kifaranga huonekana kama nukta nyeusi ndani ya yai, hapo watumishi huyatikisa kwa makusudi. Yaliyo hai hustahimili. Yaliyo dhaifu au yasiyo na mbegu hugeuka meupe, na huondolewa moja moja ili kuvu isienee kwa yaliyo mazima.

Kifaranga kikianguliwa huwa bado kimebeba kifuko cha kiini chini ya tumbo, na hicho ndicho chakula chake cha majuma ya mwanzo. Kifuko kikiisha, kifaranga huhamishiwa katika mabwawa na kulishwa mara nyingi kwa siku. Chinuki huachiliwa katika miezi ya Mei na Juni, wakiwa na urefu usiopita kidole cha mtu. Koho hulelewa zaidi ya mwaka mzima na kuachiliwa majira ya kuchipua ya mwaka unaofuata. Kabla ya kuondoka, mwili wa kifaranga hubadilika: rangi yake huwa ya fedha, na figo na matamvua yake hujitayarisha kwa maji ya chumvi.

HESABU INAYOELEZA FAIDA

Faida ya kazi hii huonekana kwa hesabu nyepesi. Mtoni, mafuriko, udongo, ndege na samaki wengine huyapunguza mayai sana, na mara nyingi katika kila mayai 100 hayapatikani zaidi ya vifaranga 10 au 20. Kituoni, kwa kawaida, zaidi ya mayai 80 katika kila 100 hutoa vifaranga vinavyofikia umri wa kuachiliwa.

Tuchukue mfano wa jike mmoja mwenye mayai 4,000. Mtoni atapata vifaranga 400, na kama mmoja katika kila 200 atarudi kutoka baharini, watarudi wawili, yaani baba na mama wamelipwa nafasi zao na hakuna ziada. Mwaka wa ukame ukiwapunguza vifaranga hao kwa nusu, ukoo umeanza kufifia. Kituoni jike yule yule atatoa vifaranga 3,200, na kwa kiwango kile kile cha kurudi watakuja 16. Hao 16 ndio wanaotoa ziada kwa mvuvi, kwa mto na kwa mbegu ya mwaka unaofuata. Ni mfano tu, kwani kiwango cha kurudi hubadilika kila mwaka kwa kadiri ya hali ya bahari, lakini unaonyesha sababu ya kazi yote hii.

Wanaofaidika si wavuvi peke yao. Nyangumi wauaji wanaoishi katika maji hayo ya pwani, ambao mwaka 2005 waliingizwa katika orodha ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka, hula chinuki kuliko samaki mwingine yeyote. Mizoga ya samoni nayo ina kazi: katika jimbo la Washington mingi hurudishwa vijitoni, ambako huwa mbolea ya maji na chakula cha wadudu, nao wadudu huwa chakula cha vifaranga vya mwaka ujao.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Vituo vya samoni vimeushika usemi huo barabara. Kabla ya kuachiliwa, vifaranga hukatwa pezi dogo la mgongoni lililo karibu na mkia, ambalo samaki hahitaji sana. Mvuvi akimvua samoni asiye na pezi hilo anajua kuwa ametoka kituoni. Akimwona mwenye pezi kamili, sheria katika sehemu nyingi humtaka amrudishe majini akiwa hai, kwa maana huyo huenda ni wa ukoo wa porini. Aidha, baadhi ya vifaranga huwekewa katika pua kipande cha waya chenye urefu wa milimita moja na kidogo, kilichoandikwa nambari. Samaki huyo akivuliwa mbali baharini baada ya miaka mitatu, nambari hiyo husomwa kwa darubini, na wataalamu hujua alitoka kituo gani na aliachiliwa mwaka gani. Ni kama nambari ya askari: popote atakapoonekana, kikosi chake hujulikana.

KINGA NA KINGA NDIPO MOTO UWAKAPO

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ya jimbo ilipokuwa na upungufu wa fedha, kituo cha Issaquah kilikuwa katika hatari ya kufungwa. Wananchi hawakukubali. Walijikusanya, wakakitetea, na wakaunda chama cha marafiki wa kituo. Toka wakati huo watu wa kila namna, wakiwemo wastaafu, walimu, akina mama wa nyumbani na vijana wa shule, wamekuwa wakijitolea. Husaidia katika siku za kukamua mayai, huwaongoza wageni, huwafundisha watoto wa shule maisha ya samoni, na hupokea maelfu ya watu wanaofika kila mwaka kutazama samaki wakirudi. Mwanzoni mwa Oktoba mji mzima hufanya sikukuu kwa heshima ya samaki hao.

Faida ya kuwashirikisha wananchi haipimwi kwa mayai peke yake. Mtoto aliyemwona samoni akihangaika kupanda ngazi hatakuwa mtu mzima wa kumwaga mafuta machafu ya gari katika mfereji wa barabarani. Mahali ambapo wananchi wanakiona kituo kuwa chao, kila mmoja huwa mlinzi, na kazi ya walinzi walioajiriwa huwa nyepesi.

SHERIA, MAPAMBANO NA MAAFIKIANO

Hata hivyo habari za samoni katika jimbo hilo zina upande wa mapambano, na hapo ndipo askari na polisi wanapohusika waziwazi. Mwaka 1854 na 1855 gavana Isaac Stevens, ambaye alikuwa ofisa wa zamani wa uhandisi jeshini, alitiliana mikataba na makabila ya wenyeji wa asili. Makabila yaliachia ardhi kubwa, lakini yalibakiza haki ya kuvua samaki mahali pao pa desturi. Miaka mia moja baadaye haki hiyo ilikuwa imebaki katika karatasi. Samaki walipopungua, lawama iliwaangukia wavuvi wa makabila, na polisi walitumwa kuwakamata kandokando ya mito. Tarehe 9 Septemba, 1970, polisi waliivamia kambi ya wavuvi kwenye mto Puyallup na kuwakamata watu wapatao 60.

Mmoja wa viongozi wa wavuvi hao alikuwa Billy Frank Jr. wa kabila la Nisqually. Alikamatwa kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 14, mwaka 1945, na katika maisha yake alikamatwa zaidi ya mara 50. Hata hivyo alilitumikia taifa lake akiwa askari wa kikosi cha Wanamaji wa nchi kavu tangu 1952 hadi 1954.

Tarehe 12 Februari, 1974, Jaji George Boldt aliamua kwamba mikataba ile ilikuwa sheria hai, na kwamba makabila yalistahili nafasi ya kupata hadi nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Mahakama Kuu ya nchi iliuthibitisha msingi wa uamuzi huo mwaka 1979. Mwaka uliofuata mahakama iliamua tena kwamba samaki waliozaliwa vituoni nao wahesabiwe katika mgawo huo, kwani vituo vilijengwa kufidia samaki wa mtoni walioharibiwa. Tangu hapo serikali ya jimbo na makabila husimamia samaki kwa pamoja. Watu waliokuwa wakikabiliana ukingoni mwa mto sasa hukaa meza moja kila mwaka kupanga idadi ya vifaranga na siku za kuvua. Billy Frank alifariki mwaka 2014, na mwaka 2015 alipewa nishani kuu ya raia wa Marekani.

KITUO NDANI YA KAMBI YA JESHI

Kabila la Nisqually lina habari nyingine inayowahusu wanajeshi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, sehemu kubwa ya ardhi ya kabila hilo, upande mmoja wa mto wao, ilichukuliwa ili kujenga kambi ya Lewis, ambayo leo ni sehemu ya kambi mojawapo kubwa za jeshi la Marekani. Familia zilihamishwa, na jeraha hilo lilikaa mioyoni kwa vizazi. Lakini chemchemi nzuri za maji baridi zilibaki ndani ya eneo la kambi, na katika miaka ya 1990 kituo cha kutotolea samoni cha kijito cha Clear, kinachoendeshwa na kabila hilo, kilikuwa kikifanya kazi humo humo ndani ya ardhi ya jeshi. Wakati bunduki zinafyatuliwa katika viwanja vya shabaha, watumishi wa kabila hulisha vifaranga kwenye mabwawa. Hilo halikufuta yaliyopita. Lakini linaonyesha kwamba kambi ya jeshi, kwa kuwa ardhi yake haijengwi ovyo wala kulimwa, inaweza kuwa hifadhi ya maji na viumbe iwapo makamanda watapenda iwe hivyo.

MIPAKA YA KAZI HII

Ingekuwa kosa kumwambia msomaji kwamba kituo cha kutotolea samaki ni dawa ya kila ugonjwa. Samaki anayelelewa bwawani hupewa chakula na kukingwa na adui. Hajifunzi yale anayojifunza mwenzake wa mtoni. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2007 kuhusu trauti wa mto Hood katika jimbo la Oregon ulionyesha kwamba kila kizazi kimoja cha kulelewa kituoni kilipunguza uwezo wa samaki kuzaa porini kwa karibu asilimia 40. Samaki wa namna hiyo wakichanganyika kwa wingi na wa porini, wanaweza kuudhoofisha ukoo mzima. Ndiyo maana alama ya pezi ni muhimu, na ndiyo maana vituo hutakiwa kuangalia ni samaki gani wanaotumiwa kuwa mbegu. Chinuki wa Puget Sound waliingizwa katika orodha ya samaki walio hatarini mwaka 1999, baada ya miongo mingi ya kazi ya vituo. Kuongeza vifaranga pasipo kutengeneza mto ni kujaza maji katika mtungi uliotoboka.

Ziwa Sammamish linatoa ushahidi mwingine. Humo anaishi kokani, samoni mdogo ambaye haendi baharini, bali ziwa ndilo bahari yake. Kundi moja la kokani lililokuwa likipanda kijito cha Issaquah mapema katika mwaka lilitoweka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lile lililobaki, ambalo hupanda vijito vingine majira ya baridi, lilianza kusaidiwa na kituo cha Issaquah mnamo mwaka 2009: mayai yalikusanywa, yakaanguliwa, na vifaranga vikarudishwa katika vijito vya wazazi wao. Hata hivyo, katika majira ya baridi ya 2017 hadi 2018, samaki waliorudi kuzaa hawakuzidi 20. Fikiri, ewe msomaji: ukoo mzima uliokuwa ukihesabiwa kwa maelfu umebaki na idadi isiyotimiza hata platuni moja.

Hapo wataalamu wa serikali, kabila la Snoqualmie na wananchi walichukua hatua ya dharura. Baadhi ya vifaranga havikuachiliwa, bali vililelewa mpaka ukubwani ili viwe akiba ya mbegu, na sehemu ya akiba hiyo ilipelekwa mbali, katika kisiwa cha Orcas, ili ugonjwa au ajali moja isiwaue wote. Kamanda yeyote ataielewa busara hiyo: risasi zote haziwekwi katika ghala moja. Bila kituo, huenda kokani wa ziwa hilo wangekuwa hadithi leo. Lakini kituo peke yake hakiwezi kuyapoza maji ya ziwa yanayopata joto kila kiangazi.

Ushahidi wa tatu unamhusu kila dereva. Kwa miaka mingi koho waliorudi katika vijito vya mijini karibu na Seattle walionekana wakizungukazunguka kama walevi na kufa ndani ya saa chache baada ya mvua, mayai yakiwa bado tumboni. Mwezi wa Desemba 2020 wataalamu wa jimbo la Washington walitangaza kwamba wamemgundua mwuaji. Ni kemikali inayotokana na dawa iitwayo 6PPD, ambayo hutiwa katika matairi ya magari ili mpira usipasuke upesi. Tairi likisagika barabarani, dawa hiyo hukutana na hewa ya ozoni, hugeuka sumu, na mvua huisomba hadi kijitoni. Habari njema ni kwamba maji hayo ya barabarani yakipitishwa kwanza katika mchanga na mboji, koho hawafi. Kwa hiyo bustani ndogo ya kuchujia maji kando ya barabara yaweza kuokoa samaki ambao kituo kimewalea kwa gharama ya miezi mingi.

Huko Issaquah kwenyewe funzo hilo limesikika. Bwawa dogo la zamani lililokuwa likivuta maji ya kituo, na ambalo liliwazuia samaki kupanda sehemu za juu za kijito, liliondolewa mwaka 2013. Kituo sasa kinasaidia mto, na mto unafunguliwa njia ujisaidie wenyewe.

FUNZO KWETU

Afrika Mashariki haina samoni wa asili, ingawa binamu yake, trauti, aliletwa na wageni katika mito ya baridi ya Mlima Kenya na Aberdare. Huko Kiganjo, karibu na Nyeri, mahali panapojulikana sana kwa chuo cha kuwafundisha polisi wa Kenya, kipo pia kituo cha kuzalishia vifaranga vya trauti. Na katika ziwa Victoria tunaye samaki wetu mwenye desturi zinazofanana kidogo na za samoni, naye ni ningu. Wakati wa mvua ningu huacha ziwa na kupanda mito iliyofurika ili azae. Wavuvi walijua majira hayo, wakatandaza nyavu midomoni mwa mito, wakamkamata jike akiwa njiani na mayai yake. Katikati ya karne ya ishirini samaki huyo alikuwa amekwisha kupungua vibaya mno. Kosa ni lile lile: kuyaua mapito ya samaki na kisha kushangaa kwamba samaki hawapatikani.

Polisi anayekagua nyavu kwenye mdomo wa mto wakati wa mvua huenda akaona kazi yake ni ndogo kuliko ya mwenzake anayewafukuza majambazi. Haifai aone hivyo. Askari anayezuia gari la kambi lisioshwe mtoni, au anayeulinda msitu ulio chini ya mamlaka ya kikosi chake, analinda chakula cha raia ambao bado hawajazaliwa. Watu wa Issaquah wamehitaji mayai yasiyohesabika, ngazi za maji, mahakama, wataalamu na maelfu ya mikono ya kujitolea ili kurudisha sehemu tu ya kile ambacho mababu zao walikikuta bure. Sisi ambao mito yetu mingi ingali na samaki wake bado tunao wasaa wa kuziba ufa kabla ya kulazimika kujenga ukuta.